Mfagizi Aliyefungwa Mikono

Kilichomtisha Mama Funguo asubuhi ile hakikuwa kilio, kilikuwa kicheko. Alikisikia akiwa bado uani, hajavua hata viatu vyake vya kazi, akasimama na kulishika shada la funguo kiunoni ili lisipige kelele. Shada hilo ndilo lililompa jina. Zilikuwa funguo arobaini na moja, za vyumba vyote vya jengo la ofisi alilolifagia na kulipiga deki kila siku tangu alfajiri hadi saa tatu, kabla wenye viti vyao hawajaja kuvikalia. Nyumbani kwake kulikuwa na mgonjwa, na kwa miezi saba hakuna aliyecheka mle kwa sauti ya namna ile. Aliyezoea ukimya hushtuliwa hata na heri.

"Mwanangu, umefika! Njoo, njoo uone!" Mama mkwe wake alimpokea mlangoni na kumvuta mkono. "Mumeo anatoka jasho! Jasho la kweli, la kukamua!"

Akaingia chumbani. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa kuwa alitengeneza saa, alikuwa ameegemea mto, shati limemganda kifuani. Jasho lilimtiririka kwenye paji la uso. Machozi yalimshuka mashavuni bila kilio chochote, na pembeni mwa mdomo mate yalikuwa yakimeremeta.

"Bibie," alisema kwa sauti nzito, kama mtu aliyejaza maji mdomoni, "mliniita jiwe. Haya, jiwe limekuwa chemchemi."

Mama mkwe akacheka tena, akamfuta kwa taulo kama anayemfuta mtoto aliyetoka kuoga. Mama Funguo naye alitaka kucheka. Midomo ilifunguka, lakini kicheko kikakataa kutoka, na hakujua ni kwa nini.

Ili mtu aelewe furaha ya mama yule, hana budi kujua jinsi ukavu ulivyoitesa nyumba ile. Ugonjwa ulianza kwa kuanguka. Fundi aliinuka kutoka kwenye kiti chake cha kazi, dunia ikaingia giza, akaenda chini kama gunia lililokatwa kamba. Ikawa hivyo kila alipoinuka, na wenye ndimi wakasema amejifunza ulevi ukubwani. Kisha jasho likakoma, hata jua liwe kali vipi. Ngozi yake ikawa ya moto na kavu kama kigae. Tumbo likagoma kusaga. Mkojo ukawa hautoki ila kwa kubembelezwa. Mboni za macho zikapanuka na kubaki hivyo, mwanga ukamchoma, yeye aliyeishi kwa kutazama magurudumu madogo kuliko mbegu ya ufuta. Na mate yakamkauka. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo dogo, lakini Fundi alikuwa na mazoea aliyoyarithi kwa mwalimu wake wa kazi: alilamba ncha ya kidole cha shahada, akaigusisha kwenye parafujo isiyoshikika kwa koleo, nayo ikanasa na kuinuka. Sasa kidole kilitoka mdomoni kikavu kama kilivyoingia.

Lililomuumiza kupita yote lilikuwa la mazishi ya kaka yake mkubwa. Aliketi kando ya kaburi, uso umekunjamana kwa uchungu, na jicho halikutoa hata tone. "Tazama, moyo wa jiwe," watu walinong'ona. Mama yake aliyasikia maneno hayo, akayabeba kifuani tangu siku ile.

Aliyewafumbulia fumbo alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu, mwanamke mwembamba asiyeweza kueleza jambo bila kulichora. Alimweleza Mama Funguo kwamba mwili una kazi nyingi unazozifanya wenyewe bila kungoja amri: kutoa mate, machozi na jasho, kusaga chakula, kupanga mwendo wa moyo. Kazi hizo huendeshwa na wajumbe wanaotumwa na mishipa. Mjumbe anafika mlangoni kwa tezi ya mate, anabisha, tezi inatoa mate.

"Sasa, kinga ya mwili wa mumeo imekosea adui," daktari alisema, akichora milango midogo kwenye karatasi. "Inaviharibu vituo ambavyo habari hupitia njiani, kwa hiyo wajumbe wanaofika mlangoni ni wachache mno. Na hao wachache hawaachwi wakae. Kila mlango una mfagizi wake. Mjumbe akishabisha mara moja, mfagizi anamzoa na kumtupa. Ni kazi njema, maana bila mfagizi kelele hazingekwisha. Lakini wajumbe wakiwa haba, mfagizi hodari anakuwa balaa."

"Na dawa inamfanya nini huyo mfagizi?" Mama Funguo aliuliza.

"Inamshika mkono. Haimuui, haimfukuzi. Inamshika mkono mmoja kwa saa chache, ili mjumbe apate kubisha mara mbili tatu kabla ya kuzolewa."

"Kumbe dawa yenyewe ni adui wa watu wa kazi yangu!"

Daktari alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. Alipoiokota, hakuwa akicheka tena.

"Nisikilize vizuri, mama. Mfagizi akifungwa mikono yote miwili, hiyo ni hatari kuliko ugonjwa. Wajumbe watajazana mlangoni. Kila tezi itatoa maji bila kipimo, na mapafu nayo yana tezi. Tumbo litasokota. Mboni zitasinyaa ziwe kama tundu la sindano. Na moyo, ambao mjumbe huyu huuambia 'polepole', utaambiwa polepole, polepole, hadi usimame. Kila asubuhi mhesabu mapigo kabla ya dawa. Yakiwa chini ya hamsini, msimpe kitu, nipigieni simu."

Mama Funguo aliyahifadhi maneno hayo yote. Lakini alipofika nyumbani, na mama mkwe akamkabili kwa macho mekundu akiuliza kama mwanawe atapona, alimpa nusu moja tu, ile tamu: "Ukiona machozi, mate na jasho vinarudi, Mama, ujue dawa imeshika." Nusu ya pili aliimeza mwenyewe. Aliona si vyema kumtia hofu mtu mzima aliyekwisha kuzika mtoto mmoja mwaka huohuo. Ya mapigo alimwachia Fundi mwenyewe, awe anajihesabia kila asubuhi.

Vidonge vya kwanza vilikuwa vidogo, kimoja mara tatu kwa siku. Siku ya tatu kidonge kilimkwama Fundi kwenye koo lake kavu, akageuka rangi, na mama yake ndiye aliyempiga mgongoni hadi kikatoka. Daktari aliruhusu vile vidogo vipondwe. Basi mama mkwe akatoa kinu chake kidogo cha shaba, akawa ndiye mtwangaji wa dawa, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyethubutu kukigusa kinu hicho. Fundi akaanza kusimama bila kuanguka, hatua kumi, kisha ishirini. Ukavu ulipungua, ila kidogo, machozi hayakuja.

Siku moja kabla ya asubuhi ile ya kicheko, kwa kuwa Mama Funguo alikuwa kazini, wifi yake, dada wa Fundi, ndiye aliyekwenda kliniki kuchukua dawa. Alirudi na vidonge vipya, vikubwa, akavikabidhi kwa mama yake na kwenda zake kwenye saluni yake ya kusuka nywele.

Na leo, chemchemi.

"Umehesabu mapigo?" Mama Funguo alimwuliza mumewe.

"Nilihesabu asubuhi kabla ya dawa. Sitini na sita."

"Hesabu tena."

"Jamani, mwache mtoto wa watu afurahi," mama mkwe alisema. "Ninyi wa siku hizi hata baraka mnaitilia mashaka."

Fundi alichukua saa yake ya mfukoni, ile yenye mshale mwekundu wa sekunde, akabonyeza kidole gumba kwenye kifundo cha mkono. Midomo yake ilihesabu kimya kimya. Dakika ilikuwa ndefu. Mama Funguo aliyaangalia machozi yakidondoka kwenye kioo cha saa, moja baada ya jingine, na Fundi akiyafuta kwa mkono wa shati bila kuacha kuhesabu.

"Arobaini na nne," alisema.

"Moyo umetulia," mama mkwe akatoa hukumu. "Moyo wa mtu aliyepata nafuu hutulia."

"Mbona mmefunga dirisha?" Fundi aliuliza. "Siuoni mshale vizuri."

Mama Funguo aligeuka kulitazama dirisha. Lilikuwa wazi, pazia limefungwa fundo, na jua la saa nne lilikuwa limejaa chumbani hadi kwenye kitanda. Akamshika mumewe kidevu, akamwinua uso kuelekea mwangani, akamtazama machoni. Zile mboni zilizokuwa pana kwa miezi saba hazikuwapo. Mahali pake palikuwa na nukta mbili nyeusi, ndogo, kama alama za kalamu.

Kope la chini lilikuwa likirukaruka lenyewe, kama ngozi ya ng'ombe aliyeguswa na inzi.

"Mama," alisema bila kugeuka, "asubuhi umempa dawa kiasi gani?"

"Kama nilivyoambiwa."

"Uliambiwaje?"

"Kimoja asubuhi. Nimempa." Mama mkwe alikuwa akilikunja taulo, akilikunjua, akilikunja tena. "Wewe nawe! Si ulisema mwenyewe? Machozi, mate, jasho. Umesahau maneno yako?"

Hapo Fundi akajikunja kama aliyepigwa ngumi ya tumbo. Taulo likawa halitoshi. Mate hayakumeremeta tena pembeni mwa mdomo. Yalitoka kwa mkondo, na kila alipovuta pumzi, kifuani mwake mlisikika mgugumio kama wa mtu anayevuta maji ya mwisho ya glasi kwa mrija. Tabasamu lilikuwa limefutika. Alimtazama mkewe kwa zile nukta mbili, na katika uso wote uliolowa, jambo pekee lililokuwa kavu ni hofu yenyewe.

"Mpe maji, anapoteza maji!" mama mkwe alipiga kelele.

"Asipewe kitu!"

Simu ya kliniki ilipokelewa na muuguzi. Mama Funguo alisema yote kwa mkupuo mmoja: jasho, mboni, arobaini na nne, kifua.

"Mlaze ubavu sasa hivi, mate yatoke nje yasirudi ndani," muuguzi alisema. "Asisimame hata hatua moja. Mleteni hospitali kuu, namwita daktari akutane nanyi. Na nijibu hili: amekula dawa gani, kiasi gani, na namna gani? Daktari asipojua, atakuwa anapapasa gizani."

Mama Funguo aliishusha simu kifuani. "Mama. Dawa ipi, na umempaje?"

"Nimekwishasema."

"Mama, tafadhali."

"Unataka kusema nini?" Sauti ya mama mkwe ilipanda. "Unataka kusema mimi nimemlisha sumu mwanangu wa kumzaa? Mimi niliyempiga mgongoni siku ile, wewe ukiwa unafagia vyumba vya watu?"

Katika miaka kumi na minne ya ndoa, Mama Funguo hakuwahi kumpandishia sauti mama huyu, hata siku moja. Alimpikia, alimfulia, alimwinamia alipomsalimu, na alipoudhika alikwenda kuyasema yake kwenye ngazi tupu za ofisi. Sasa alisikia sauti ikitoka kifuani mwake ambayo hata yeye hakuijua.

"Sikuhukumu, Mama! Nakuuliza! Anazama mbele yetu juu ya kitanda kikavu! Kama ni kosa, nusu ni langu, kuna maneno ya daktari niliyokuficha. Sema sasa, tutalia baadaye!"

Kitandani ule mgugumio ulizidi.

Mama mkwe akatoka. Kwa pumzi tatu Mama Funguo alidhani amekimbia. Kisha akarudi amekikumbatia kinu cha shaba kwa mikono miwili, akakiinamisha. Chini kulikuwa na unga mweupe.

"Wifi yako alisema kile kikubwa kimezwe kizima, kisipondwe," alisema kwa sauti ya chini. "Nilimsikia vizuri, sitasema sikusikia. Nikajiambia, hao wa dawa hawakuwapo siku ile alipokwamwa. Koo la mwanangu nalijua mimi. Nikakitwanga laini kabisa, nikakitia kwenye uji." Akautazama ule unga. "Na vile vidogo vilivyobaki, sikuona vema kuvitupa. Vilikuwa vinne. Dawa ya watu haitupwi. Nikavitwanga humohumo."

Mama Funguo aliyarudia maneno hayo kwenye simu, neno kwa neno. Ng'ambo ile muuguzi alivuta pumzi. "Kile kikubwa kimetengenezwa kiyeyuke polepole siku nzima," alisema. "Mmekifungua chote kwa mara moja, na vinne juu yake. Njooni. Msingoje."

Jirani wa nyumba ya tatu alikuwa dereva wa teksi, naye kwa bahati alikuwa akiosha gari lake. Alipomwona Fundi akiletwa ndani ya shuka, mama ameshika upande huu na mke upande ule, maji yakidondoka njia nzima, alisita.

"Shemeji, viti nimevivalisha foronya jana tu..." Kisha akaona uso wa Fundi. "Foronya hufuliwa. Nipe miguu."

Wakamlaza ubavu kwenye kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mkewe. Fundi alikuwa bado ameibana saa yake mkononi. Gari lilipoanza kwenda, Mama Funguo alihisi kidole cha mumewe kikihangaika kutafuta mshipa wake mwenyewe. Alikuwa akihesabu.

"Arobaini," alinong'ona. Baada ya mtaa mmoja: "Thelathini... thelathini na nane." Kisha vidole vikalegea.

Mama Funguo akaichukua saa. Akaubonyeza mshipa wa mumewe, akaukazia macho mshale mwekundu. Hakuwa na elimu ya udaktari, lakini alijua kuhesabu milango, na aliyahesabu mapigo kama alivyohesabu milango ya ukumbi mrefu wakati wa alfajiri, ila sasa hakujua kama mlango unaofuata upo. Pigo. Kimya. Kimya kirefu. Pigo. Kila kimya alikuwa mjane, na kila pigo aliolewa upya.

"Yuko?" mama mkwe aliuliza kutoka kiti cha mbele, bila kuthubutu kugeuza shingo.

"Yupo, Mama."

"Yuko bado?"

"Yupo."

"Ongeza mwendo, mwanangu," mama mkwe alimwambia dereva. "Nitakununulia foronya mimi mwenyewe."

Daktari mwembamba alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha dharura. Mama Funguo alishuka kwa haraka hivi kwamba saa ilimponyoka na kupiga sakafu. Akaiokota pamoja na parafujo ndogo iliyochomoka mgongoni mwa saa, akavifunga kwenye leso bila kujua anafanya nini.

"Daktari," alisema, "mfagizi amefungwa mikono yote miwili."

Daktari hakuhitaji mchoro. Alimfunua Fundi kope, akauweka mkono shingoni, akageuka na kutaja dawa ya sindano kwa wauguzi wawili. Mmoja aliingiza bomba mdomoni na kuanza kunyonya maji yaliyomjaa. Mwingine alitafuta mshipa. Mashine ilianza kulia: pigo, kimya, pigo. Thelathini na sita.

"Mtamfungua?" Mama Funguo aliuliza.

"Mfagizi? Siwezi. Kamba itamlegea yenyewe, kwa saa kadhaa." Daktari alikuwa akisukuma sindano polepole. "Ninachofanya ni kuiziba milango masikio. Wajumbe wamejaa, wanabisha, sawa, wabishe mpaka wachoke. Tezi hazitawasikia. Moyo hautawasikia." Akaitazama mashine. "Lakini misuli yake ya kupumulia, hiyo sindano haiilindi. Hiyo tutaiangalia kwa macho."

Dakika tano zikapita. Arobaini na moja. Kifua kilikuwa bado kinagugumia. Sindano ya pili. Mama Funguo alisimama ameushika ukuta, funguo zikigongana kiunoni kila alipogeuka kuitazama mashine, hadi muuguzi akamwomba, kwa upole, azivue. Hamsini na mbili. Sindano ya tatu. Na hapo akaona jambo ambalo kwa miezi saba alilichukia: jasho kwenye paji la uso wa mumewe lilianza kukauka. Machozi yakasimama. Midomo ikapauka. Alijikuta akiuombea ukavu ule ule aliokuwa akiuombea uondoke. Rudi, aliuambia moyoni. Rudi, mgeni mbaya, leo nimekukaribisha.

Sabini na nne. Mboni zilianza kufunguka, kama mtu anayefungua mlango kwa kuchungulia. Fundi alisogeza ulimi mdomoni, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Kiu."

Mama Funguo alikaa chini sakafuni, palepale, akalia kwa niaba ya watu wawili.

Mama mkwe hakuwa ameingia. Alikutwa kwenye benchi la ukumbini, kinu mapajani. Hakuna aliyemwona akikibeba kutoka nyumbani. Hakuinua uso.

"Amekufa?"

"Anataka maji, Mama."

Yule mama alikifuta kinu kwa upindo wa kanga. Kisha akakisukuma kinu kuelekea kwa mkaza mwanawe. "Kitupe. Mimi mikono yangu haina kheri."

"Sikitupi. Kinu hakina kosa." Mama Funguo aliketi karibu naye, mabega yakagusana. "Nilikupa nusu ya habari, nikakuachia nyumba. Sasa nitakupa yote."

Akamweleza habari za wajumbe, mfagizi, mkono mmoja na mikono miwili, hapohapo kwenye benchi, na mama mkwe alimsikiliza na kumkatiza kwa maswali kama karani. Mwisho akauliza, "Na hiyo dawa iliyotaka kumwua, mtamrudishia?"

"Asipoinywa, ataanguka tena kila akiinuka."

"Basi tumefungwa huku na huku."

"Ndiyo, Mama. Tumefungwa."

Siku ya nne daktari alileta kidonge kwenye kikombe cha karatasi. Kilikuwa kile kidogo, tena nusu yake. Alisema ataanza chini kabisa na kupanda taratibu, na vile vikubwa havitaingia tena katika nyumba ile. Fundi alikuwa amekalishwa kitandani, mito mitatu mgongoni, mdomo umepasuka kwa ukavu. Mapigo, sabini na mbili.

Mama Funguo alipewa kikombe. Kile kipande kilikuwa chepesi hata hakikusikika kiganjani, lakini alikibeba kama aliyebeba ndoo mbili. Alimtazama mumewe, na mumewe akamtazama, na hakuna aliyekuwa na mzaha.

"Leta, Bibie," alisema hatimaye. "Hata saa ikikuogofya lazima uifungue."

Alikimeza kwa maji mengi, funda baada ya funda, kichwa kimeinamishwa mbele kama alivyofundishwa. Hakikukwama. Halafu wakangoja. Nusu saa nzima hakuna aliyesogea. Mama mkwe alikuwa ameketi miguuni pa kitanda, akimwangalia mwanawe kwenye paji la uso, kwenye midomo, kwenye macho, na kurudi kwenye paji la uso.

Fundi aliomba saa yake. Mkewe akaifungua leso, akamwekea kwenye meza ndogo saa na ile parafujo iliyochomoka, ndogo kama kiroboto. Fundi aliitazama kwa muda. Akainua kidole cha shahada, akakitia mdomoni, akakitoa. Ncha yake ilimeremeta kidogo tu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Akaigusisha kwenye parafujo. Akainua. Ilikuwa imenasa.

Mama mkwe alifungua kinywa apige vigelegele, kisha akakifunika kwa kiganja. Akainama karibu na kidole kile, akakichunguza.

"Mate haya ni ya kiasi," aliuliza kwa kunong'ona, "au ni mengi?"

Fundi alipokwisha kukaza parafujo, Mama Funguo aliichukua saa akaiweka mkononi mwa mama mkwe wake, akakishika kidole chake kikavu chenye sugu za kinu, akakiongoza polepole hadi kwenye mshipa wa mwanawe.

"Tuhesabu kwanza, Mama," alisema. "Anza mshale ukifika juu."